Kigoga cha Nyuma ya Jikoni Kina Kaboni Kiasi Gani?

Sisi ni wanachama wa Chama cha Kiswahili. Najua wengi wenu mkilipata jarida hili hukimbilia ukurasa wa vichekesho na mafumbo, kisha mnatafuta kama jina lenu limetajwa mahali. Leo nawasihi mtulie kidogo. Nataka kuwaeleza lile jambo lililotufanya watu wanane tuonekane kama wendawazimu muhula wa pili, tukipiga magoti mbele ya miti na rula, wembe na mifuko ya khaki mikononi.

Siku ya kwanza mlinzi wa lango alitufumania nyuma ya jikoni, penye ule mti mkubwa ambao Wagikuyu huuita mukinduri.

"Vijana, mmepoteza nini hapo?"

"Hatujapoteza kitu, mzee. Tunapima kigoga."

"Kigogo? Kigogo gani huyo? Kwani kuna mheshimiwa anakuja?"

Tulicheka hadi machozi. La, mzee wetu, si kigogo wa siasa. Kigoga ni ule mmea mdogo wa kijani, laini kama mahameli, unaoota juu ya magome, mawe na kuta zenye unyevu. Hauna maua, hauna mbegu, wala hauna mizizi ya kunyonya maji ardhini. Ukiutazama kwa kioo cha kukuzia utaona vijani vidogo vimepangana vizuri kama msitu wa Lilliput.

Jirani yake kwenye gome ni likeni. Huyu huwa na rangi ya kijivu, kijani hafifu au manjano. Watu wengi hudhani ni ugonjwa wa mti au rangi iliyomwagika. Likeni si kiumbe kimoja. Ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja: kuvu hujenga nyumba na kushika maji, mwani hupika chakula kwa mwanga wa jua. Kuna likeni za ukoko zilizoganda kwenye gome utadhani zimepakwa gundi, kuna zenye umbo la majani, na kuna zile zinazoning'inia kama ndevu za mzee. Hizi za ndevu ndizo aliyewahi kupanda Nyandarua au Mlima Kenya atakuwa ameziona zikipeperuka matawini.

Hapo chamani tulibishana kipindi kizima cha mchana. Wako wanaokiita kigoga ukoga, na wako wanaotumia neno kuvumwani kwa vyote viwili. Mimi nilisema, na bado nasema, kwamba kuvumwani lingefaa likeni peke yake, maana ni kuvu na mwani kweli kweli. Kura zilipopigwa nilishindwa. Basi katika makala haya nitatumia kigoga na likeni, mambo yaishe.

Sasa, kwa nini kuvipima? Siku hizi habari za kaboni zimejaa kila mahali. Kule Gazi, Pwani, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wamekuwa wakilipwa tangu mwaka 2013 kwa sababu mikoko yao inahifadhi kaboni ambayo ingekuwa hewani. Ili ulipwe ni lazima kwanza ujue una kiasi gani, na ili ujue ni lazima upime. Mti wenyewe una njia zake: unazungushia shina utepe kifuani, unapata kipenyo, unaingiza katika kanuni. Siku moja darasani mwalimu wetu wa bayolojia aliuliza, "Na koti alilovaa mti, nani amelipima?" Darasa zima kimya. Ndipo sisi wanachama, ambao hatujui kunyamaza, tukainua mikono.

Jambo la kwanza kuelewa ni neno bayomasi. Hii ni uzito wa kitu hai, au kilichokuwa hai, baada ya kuondoa maji yote. Narudia: baada ya kuondoa maji yote. Sentensi hiyo tuliiandika daftarini kwa wino mwekundu, kisha tukaisahau, na mtaona wenyewe ilivyotutia aibu. Mmea huvuta gesi ya kabonidioksidi kutoka hewani, hubakiza kaboni na kuigeuza kuwa mwili wake. Kwa mimea mingi, karibu nusu ya uzito mkavu ni kaboni. Kwa kigoga na likeni watu hutumia kati ya asilimia 40 na 50. Sisi tulichukua 45.

Kwa hiyo hesabu yenyewe si ya kutisha. Unataka kujua mambo manne tu: eneo la gome, sehemu ya eneo hilo iliyofunikwa, uzito mkavu wa kigoga katika kila mita mraba iliyofunikwa, na sehemu ya uzito huo ambayo ni kaboni. Unazidisha, umemaliza. Kazi iko katika kuvipata hivyo vinne bila kujidanganya.

Eneo la gome ni hesabu ya darasani. Shina ni kama mkebe. Unapima mzunguko kwa utepe wa fundi cherehani, unazidisha kwa urefu. Mukinduri wetu una kipenyo cha sentimita 40, basi mzunguko ni mita 1.256. Tuliamua kupima mita 2 za chini, kwa sababu hakuna aliyekubali kupanda juu na mwalimu wa zamu yuko karibu. Tukapata mita mraba 2.5.

Sehemu iliyofunikwa ndiyo inayotaka uvumilivu. Macho hudanganya sana. Mmoja wetu alitazama shina akasema limefunikwa nusu; mwingine akasema robo. Tulikata jalada la plastiki la daftari, lile linalopitisha mwanga, tukachora juu yake miraba midogo 100 kwa kalamu ya wino usiofutika. Unaliweka kwenye gome na kuhesabu miraba iliyoangukia kigoga. Ukipata 30, basi ni asilimia 30. Unarudia pande zote nne za mti, chini, katikati na juu, kisha unatafuta wastani. Ni kazi ya kuchosha mgongo, lakini haina ubishi.

Hapa nataka kuwatoa kosa ambalo nilikuwa nalo mimi mwenyewe. Kuna vitabu vinavyosema kigoga huota upande wa kaskazini wa mti. Hiyo ni kweli kule Ulaya, ambako jua hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Nairobi iko nyuzi moja na kitu tu kusini mwa ikweta. Jua letu huhama: miezi fulani liko kaskazini, miezi mingine kusini. Kwenye mukinduri wetu kigoga kilikuwa kingi upande ambao shina limeinama kidogo, pale maji ya mvua yanapotiririka polepole, na pale ukuta wa jikoni unapoleta kivuli. Kwa hiyo ukipotea katika msitu wa Ngong Road, usitegemee kigoga kikuonyeshe njia ya kurudi Karen!

Kisha sampuli. Tulitengeneza fremu ndogo ya waya ya sentimita 5 kwa 5. Mahali pa kuiweka hatukupachagua kwa macho, maana mtu huvutwa na pale palipo penene. Tuliandika namba kwenye vikaratasi, tukavitia ndani ya sufuria tuliyoazima kwa wapishi, na kila mtu akachomoa namba yake kama bahati nasibu. Tulikata vipande 12 kwa wembe, kila kimoja tukakitia katika mfuko wake wa khaki. Mifuko ya plastiki haifai hata kidogo, sampuli huoza. Halafu mezani unatumia kibano kuondoa vipande vya gome, udongo, mchwa na takataka nyingine. Usipofanya hivyo unapima mchanga na kuuita uhai.

Vipande 12 tukavitia kwenye mizani: gramu 48. Tukafurahi kama watu walioshinda kombe.

Na hapa, ndugu msomaji, ndipo mambo yalipoharibika. Siku ya wazazi ilikuwa imekaribia na sisi tulikuwa tumeahidi bango. Vipande 12 ni eneo la mita mraba 0.03, basi gramu 48 ni sawa na gramu 1,600 kwa mita mraba. Eneo lililofunikwa kwenye shina ni asilimia 30 ya 2.5, yaani 0.75. Ukizidisha unapata gramu 1,200. Nusu yake kaboni: gramu 600 kwa mti mmoja! Aliyekuwa na kalamu alikuwa mimi. Kichwa kilipanda moto. Nikajiuliza, hekta moja ya msitu ina mashina mangapi? Nikasema tuweke 400. Nilitoa wapi 400? Kichwani. Msitu wa Ngong Road una hekta zaidi ya 1,200. Basi mia nne mara elfu moja mia mbili mara gramu 600, nikapata tani 288. Nikaandika kwa herufi kubwa za rangi nyekundu: MSITU WA NGONG ROAD UMEFICHA TANI 288 ZA KABONI NDANI YA KIGOGA. Lilipendeza, walahi.

Fundi wa maabara alipita, akasimama, akalisoma bango lote bila kusema neno. Kisha akauliza swali moja.

"Hiki kigoga mlikikausha?"

"Tulikipangusa kwa kitambaa, Madam."

"Sikuuliza kama mlikipangusa."

Ilikuwa mwezi wa Mei, mvua ya masika bado inanyesha. Kigoga hakina mizizi, kwa hiyo hunywa kwa mwili wote kama sponji. Kinaweza kushika maji mara kadhaa ya uzito wake. Wakati wa kiangazi hukauka kabisa, kikajikunja, ukadhani kimekufa. Mvua ikirudi kinafufuka. Jaribu mwenyewe: chukua kipande kikavu cha kahawia, kidondoshee maji, uhesabu dakika chache. Utaona kijani kinarudi mbele ya macho yako. Sasa sisi tulikuwa tumepima mvua ya Nairobi na kuiita kaboni.

Madam alitupatia nafasi ndani ya tanuri ya maabara. Nyuzi 70, siku nzima, unapima, unarudisha, unapima tena mpaka mizani isiposhuka zaidi. Kuanika juani hakutoshi, maana unyevu fulani hubaki ndani. Siku ya tatu mizani ilikataa kushuka. Zile gramu 48 zilikuwa zimebaki gramu 6.

Gramu sita! Sehemu nane tulizokuwa nazo, saba zilikuwa maji. Tukaanza upya: gramu 6 katika mita mraba 0.03 ni gramu 200 kwa mita mraba. Mara 0.75, gramu 150. Mara asilimia 45, gramu 67.5 za kaboni. Hiyo ndiyo mali yote ya mita mbili za chini za mukinduri wa nyuma ya jikoni.

Ili uione vizuri, igeuze iwe gesi. Kila gramu 12 za kaboni zilitokana na gramu 44 za kabonidioksidi. Kwa hiyo koti hilo la kijani liliondoa hewani karibu gramu 250 za gesi, robo kilo. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kama kilo 2.3. Maana yake ni kwamba kazi ya miaka ya kigoga chetu inafutwa na petroli isiyojaza kikombe cha chai. Matatu ikiwa na petroli hiyo haiendi mbali, kilomita moja hivi, tena kama hakuna jam pale Dagoretti Corner.

Wengine walivunjika moyo. Mmoja alisema, "Sasa si tungepima tu viazi vya jikoni?" Lakini mimi nilikuwa na shida kubwa zaidi, nayo ni ile tani 288 iliyokuwa ikinitazama ukutani.

Kosa la maji lingesahihishwa kwa kuandika namba ndogo. Ukikokotoa upya kwa gramu 67.5, zile tani 288 zinakuwa kama tani 32. Kuna aliyependekeza tubandike karatasi juu na kuandika 32, kazi iishe. Hapo ndipo tulipokwenda msituni wenyewe, Jumamosi moja, tukiwa na mwalimu. Msitu si shamba la bibi. Uko chini ya Shirika la Huduma za Misitu la Kenya, na huwezi kuingia ukaanza kukwangua miti ovyo. Tulibeba rula, utepe na lile jalada la plastiki tu, hatukukata kitu.

Ule msitu una historia yake. Ulipotangazwa rasmi mwaka 1932 ulikuwa na hekta zaidi ya 2,900. Leo haufiki nusu ya hapo, na barabara ya Southern Bypass imepita katikati yake. Kilichotushtua sisi lakini si ukubwa. Ni kwamba msitu mmoja kumbe ni misitu kadhaa. Kuna sehemu zenye miti ya asili, mihugu na mikinduri, magome yake yamepasuka na kukwaruza. Humo kigoga kinapata pa kushika. Halafu unatembea kidogo unaingia kwenye mikaratusi iliyopandwa. Mkaratusi hubambua gome lake kila mara, ukibaki mweupe na laini kama mguu wa meza. Kigoga kitashika wapi? Kila kikianza, nyumba inaanguka nayo. Tulipima mashina kadhaa ya mikaratusi tukapata sufuri, sufuri, sufuri.

Basi ile hesabu ya kuchukua mti mmoja wa nyuma ya jikoni, ulio kivulini, penye mvuke wa sufuria za githeri mchana kutwa, na kuuzidisha kwa hekta 1,200, haikuwa makadirio. Ilikuwa ndoto. Anayetaka kuupima msitu ule kwa haki angeugawa kwanza kwa aina ya miti, apime mashina mengi katika kila sehemu, ahesabu mashina kwa kweli badala ya kuyatoa kichwani, kisha aeleze namba yake inaweza kukosea kwa kiasi gani juu au chini. Na angelazimika kufikia matawi, kwa sababu katika misitu yenye ukungu sehemu kubwa ya kigoga na likeni iko juu, si kwenye shina. Watafiti wengine hupanda kwa kamba. Wengine huokota matawi yaliyoanguka na kuyapima, kisha wakakadiria mti una matawi mangapi ya namna hiyo.

Tena kazi hii imekwisha kufanywa Afrika Mashariki, na imefanywa vizuri. Mtaalamu wa vigoga kutoka Hungaria, Tamás Pócs, aliyefanya kazi Morogoro, alipima mimea inayoishi juu ya miti katika milima ya Uluguru na kuchapisha matokeo mwaka 1980. Katika msitu wa mita 1,400 hivi juu ya bahari alipata kama tani 2 kavu kwa hekta. Alipopanda hadi msitu wa mita 2,100 na zaidi, ule wa miti mifupi iliyofunikwa na ukungu, zikawa karibu tani 14. Milima ileile, mtu yuleyule, ila tofauti ni mara saba. Na kavu, tafadhali!

Lakini Pócs hakupima uzito pekee. Alipima pia maji. Aliona kwamba koti lile la msitu wa juu linaweza kushika karibu lita 50,000 kwa hekta katika mvua moja. Niliposoma hapo nilikumbuka zile sehemu saba za maji tulizozikausha kwa tanuri na kuziona kama adui. Jiji letu hunywa maji ya milima ya Nyandarua: bwawa la Sasumua, na lile la Ndakaini lililokamilika mwaka 1994. Msitu wa huko juu una kigoga na ndevu za mzee matawi yote. Mvua kubwa inaponyesha, koti hilo hunywa kwanza, kisha hudondosha polepole. Na ukungu usio mvua hunaswa humo ukawa matone. Sisemi kwamba kila tone la bomba la Kawangware limepitia kigogani, lakini kiumbe asiye na hata gramu mia za kaboni shinani anafanya kazi ambayo mizani ya kaboni haiioni.

Ukijumlisha dunia nzima pia hesabu inabadilika sura. Utafiti mmoja wa mwaka 2012 ulikadiria kwamba vigoga, likeni na jamaa zao wanaofunika mawe, udongo na magome huvuta karibu tani bilioni 3.9 za kaboni kila mwaka, kama asilimia 7 ya yote ambayo mimea ya nchi kavu hujipatia. Mwingine wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba udongo uliofunikwa na kigoga una kaboni nyingi kuliko udongo mtupu, na ukijumlisha duniani kote ziada hiyo inazidi tani bilioni 6. Kidogo mara mahali pengi.

Swali moja bado lilikuwa likituwasha. Kwa nini miti ya shule ina koti, na ile tunayoiona tukienda mjini iko uchi? Jumamosi nyingine tulipanda matatu namba 111 hadi katikati ya jiji. Tulichagua mjakaranda, kwa sababu upo shuleni na upo mjini, na ukilinganisha mti wa aina moja na mwingine huwezi kulaumu gome. Tulianzia Jeevanjee Gardens, ile bustani iliyotolewa kwa watu wa Nairobi mwaka 1906, tukapita kando ya Uhuru Highway chini ya barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, tukamalizia Arboretum ambayo ilianzishwa mwaka 1907.

Watu walitutazama, weee! Mama mmoja aliyekuwa akiuza karanga aliuliza kama tumetumwa na kaunti kukata miti. Tulimweleza, akacheka, akatuonyesha mwenyewe mti wenye "madoa" mengi.

Tulichokiona ni hiki. Kando ya barabara kuu magome yalikuwa na vumbi jeusi, kigoga hakuna, na likeni ni zile za ukoko tu, vidoa vidogo vilivyoshikamana. Jeevanjee, mbali kidogo na magari, vidoa vilikuwa vipana zaidi. Arboretum tulikuta likeni za majani, na kigoga kwenye mizizi na pembe za matawi. Za ndevu hatukuona hata moja.

Jambo hili lina umri. Mwaka 1866 William Nylander aliandika kwamba likeni zilizokuwa zikiota katika bustani ya Luxembourg mjini Paris hazikuonekana sehemu nyingine za jiji, naye akasema ni kwa sababu ya hewa. Likeni haina mizizi wala ngozi ya kujikinga. Kila kilichomo hewani na mvuani huingia moja kwa moja. Gesi ya salfa kutoka makaa ya mawe na dizeli huua ule mwani wa ndani, na kuvu peke yake hawezi kujilisha. Mwaka 1970 Waingereza wawili, Hawksworth na Rose, walitengeneza kipimo cha ngazi cha kusoma uchafu wa hewa kwa kutazama likeni za magome. London ilipopunguza moshi wa makaa, likeni zilianza kurudi.

Kwetu petroli yenye risasi iliondolewa mwanzoni mwa 2006, na tangu 2015 dizeli inayoruhusiwa Kenya ina salfa kidogo sana kuliko ya zamani. Sikimbilii kusema kila mti uchi wa mjini umeuawa na matatu. Katikati ya jiji kuna joto la saruji, kuna ukavu, na miti mingi imesimama peke yake juani. Tena kuna likeni za rangi ya manjano zinazopenda hewa yenye naitrojeni nyingi, kwa hiyo kuona rangi tu hakumaanishi hewa ni safi. Ingetaka mtu apime joto, unyevu na gesi kwa pamoja. Ila ukitoka shuleni hadi Uhuru Highway na lile jalada la plastiki mkononi, hesabu ya miraba inashuka.

Turudi kwenye bango. Usiku wa kuamkia siku ya wazazi tulikaa maktabani tukibishana kwa sauti za chini. Upande mmoja ulitaka tani 32, maana wageni wanapenda namba kubwa na hakuna atakayeuliza. Upande mwingine, wangu nikiwemo kwa sababu kosa lilikuwa langu, ulitaka tuondoe tani zote. Mwalimu hakutuamulia. Alisema tu kwamba yeye angependa kusikia tutakavyojibu mtu akiuliza zile 400 zimetoka wapi.

Asubuhi bango jipya lilikuwa na mti mmoja uliochorwa, mifuko miwili ya plastiki iliyobandikwa, na namba mbili. Mfuko wa kwanza ulikuwa na gramu 42 za maji: yale yaliyotoka. Wa pili ulikuwa na kile kigoga kikavu, gramu 6, rangi ya kahawia. Chini yake tuliandika: Shina hili, mita 2 za chini, gramu 67.5 za kaboni, ikiwa vipande vyetu 12 vinawakilisha vingine vyote. Baba mmoja aliusoma, akaukunja uso, akauliza, "Hiyo tu?" Tukamwambia ndiyo mzee, hiyo tu. Akasimama pale muda mrefu akiulizia yale maji, kwa kuwa kwao ni Kinangop na anaijua hiyo misitu ya juu.

Ile miraba 12 tuliyoikata kwenye mukinduri tumeizungushia uzi mwekundu, ili ijulikane kigoga kitachukua muda gani kurudi. Hadi naandika haya, miraba tisa bado ni gome tupu. Miwili ina utando wa kijani ambao huuoni mpaka uinamishe kichwa. Mmoja umevamiwa na likeni. Atakayetaka kuendelea, daftari la vipimo liko maabara, kabati la pili, kando ya mizani. Jalada la plastiki lenye miraba 100 limo ndani yake. Sufuria tumeirudisha kwa wapishi.